Risasi na DNA

Kidato cha nne tulikariri hivi: DNA ni ghala la maandishi tu, kazi zote hufanywa na protini. Nikaandika, nikapigiwa vema, nikamaliza shule na imani hiyo. Kumbe, ndugu msomaji, habari ilikuwa imeshabadilika kitambo.

Mwaka 1982 Thomas Cech wa Marekani alionyesha kuwa RNA, jamaa yake DNA, huweza kujikata yenyewe bila protini. Haya. Lakini DNA? Hiyo imesokotwa nyuzi mbili, imetulia kama mkeka uliokunjwa. Ndipo mwaka 1994 Ronald Breaker na Gerald Joyce, huko La Jolla, California, wakachukua DNA ya uzi mmoja mmoja. Walikusanya aina kama trilioni 100, herufi zao zimepangwa kwa kubahatisha, wakazitilia ioni za risasi na kuokota zile zilizokata kiungo cha RNA. Wakarudia mara 5. Kimeng'enya cha DNA kikapatikana.

Risasi, jamani! Sumu ileile ya betri za magari ambayo fundi mmoja mtaani kwetu alikuwa akiiyeyusha uani, mdogo wangu akicheza pembeni.

Kwa nini madini? Uti wa DNA una chaji hasi mwili mzima, kwa hiyo vipande vyake husukumana. Ioni ya chuma ina chaji chanya. Ikiingia kati, ugomvi unapoa na uzi unaweza kujikunja. Ila si kila ioni hufanya hivyo kwa namna moja, na hapa ndipo nilipobaki mdomo wazi. Mwaka 2007 kundi la Yi Lu, Chuo Kikuu cha Illinois, lilichunguza kimeng'enya kiitwacho 8-17. Kikipewa magnesi au zinki hujikunja kwanza, halafu ndiyo kinakata. Kikipewa risasi kinakata bila kungoja kujikunja, kana kwamba tundu la ufunguo huo lilikuwa tayari.

Lu na Jing Li walishakitumia kimeng'enya cha jamii hiyo mwaka 2000: wakakifunga rangi inayong'aa kikikutana na risasi. Yaani DNA inayoshtaki sumu.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Mdogo wangu sasa ana miaka 19, na damu yake haijawahi kupimwa risasi hata siku moja. Yule fundi bado anayeyusha.