Kilabu cha Pombe katika Historia ya Iramba

Jina la Kiomboi likitajwa, watu hukumbuka makao makuu ya Wilaya ya Iramba, hospitali iliyotokana na kazi ya misheni ya Kilutheri, na nyanda za mtama na alizeti. Hakuna anayetaja kilabu cha pombe. Hata hivyo, anayetaka kujua jinsi fedha, kodi na sheria zilivyoingia katika maisha ya Wanyiramba na jirani zao hana budi kupita kilabuni. Shabaha yetu si kuusifu ulevi, la hasha. Twataka kuonyesha kwamba kilabu ni mahali ambapo kitu cha kukirimiana kiligeuka kuwa kitu cha kuuziana, na kwamba mgeuko huo umewapa wanawake riziki, na papo hapo umekipambanisha chungu cha pombe na chungu cha ugali.

Tuanze na pombe yenyewe. Mtama au uwele hulowekwa, huachwa uchipue, kisha huanikwa na kusagwa. Huo ndio kimea. Unga mwingine hupikwa uji, na uji ukipoa hutiwa kimea. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, nayo chachu hugeuza sukari kuwa kileo. Kazi hii ni ya siku kadhaa, inataka maji mengi na kuni nyingi, na tangu kale ni kazi ya wanawake. Tena pombe ya nafaka haiwekeki: siku mbili tatu zikipita, huchacha ikawa haifai. Kwa hiyo kwa asili yake ni kinywaji kinachodai watu wakusanyike.

Ndivyo wazee wetu walivyoitumia. Mwenye shamba kubwa aliwaita jirani zake kulima au kuvuna, na jioni aliwashukuru kwa pombe. Ilikuwako katika arusi na katika matambiko. Aliyekunywa leo kwa jirani alijua kwamba kesho jembe lake litahitajika huko. Pombe ilikuwa daftari la deni la jasho, ingawa hakuna aliyeandika.

Fedha ndiyo iliyolibadili daftari hilo. Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba katika koloni lao. Haukupita muda mrefu dhahabu ikagunduliwa Sekenke, katika nchi ya Iramba, na mgodi ukaanzishwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Dhahabu ya Sekenke ilitumika kupiga sarafu ya rupia 15 yenye sura ya tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916. Mwanamume aliyedaiwa kodi alikwenda mgodini, au alisafiri mbali kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Mwanamke aliyebaki nyumbani alikuwa na nafaka na ujuzi wake. Kuuza pombe kukawa njia fupi ya kupata senti.

Utawala uliofuata uliliona jambo hilo. Hati ya Udhamini ya mwaka 1922 iliwataka Waingereza kudhibiti biashara ya vileo vikali katika Tanganyika. Sheria ya Serikali za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri juu ya kutengeneza na kuuza pombe. Pombe iliyonywewa nyumbani kwa mtu haikuhesabika wala kutozwa ushuru kwa urahisi. Iliyouzwa mahali pamoja ilihesabika. Ndiyo maana hata jina lenyewe, kilabu, lilitoka kwa Waingereza. Lakini klabu ya Mzungu ilikuwa na bia ya chupa na mlango usioingilika na Mwafrika. Neno moja, nyumba mbili: hapo mwanafunzi atauona ubaguzi wa zama zile bila kufunua kitabu kikubwa.

Uhuru haukukifuta kilabu. Mwaka 1966 Bunge lilitunga sheria ya kudhibiti utengenezaji wa pombe ya moshi, yaani gongo, na mwaka 1968 ikatungwa Sheria ya Vileo, iliyosimamia leseni na saa za kuuza. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 bia ya chupa ikaingia katika mikono ya umma. Hata hivyo bei yake haikuwa ya mkulima, na mkulima akaendelea na pombe ya mtama.

Kilabu cha namna hii hakina fahari. Ni jengo la matofali ya udongo na bati, mabenchi, mapipa, vibuyu na makopo. Katika vilabu vingi wapishi hupeana zamu, ili kila mmoja apate siku yake ya soko. Kijana akiingia humwamkia mzee shikamoo na kumpisha aketi. Habari za mvua, za bei ya alizeti na za misiba hupita hapo kabla hazijafika ofisini. Na senti zinazobaki mkononi mwa mama mpishi hununua chumvi, daftari na sare ya shule.

Lakini historia ya kweli haifichi upande wa pili. Nchi yetu ya kati ni kame. Katika njaa iliyoitwa Mtunya, iliyowaangamiza jirani zetu wa Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ukame ulikutana na majeshi yaliyochukua chakula na wapagazi. Ukame ukarudi tena katika miaka ya 1973 hadi 1975, wakati wananchi wakihamia katika vijiji vipya. Katika mwaka wa namna hiyo debe la mtama lina njia mbili tu: kuliwa na watoto, au kugeuzwa pombe iuzwe. Mama anayelipika hafanyi hivyo kwa upuuzi. Pengine ndiyo senti yake pekee. Lakini baba anayezinywa fedha za nyumba hana udhuru huo. Tukimlaumu mpishi tukamwacha mnywaji, tumehukumu nusu ya kesi.

Mwaka 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe kali za mifuko midogo ya plastiki zilizoitwa viroba. Swali lililowashughulisha watawala wa 1926, nani auze, wapi na kwa kipimo gani, bado li hai. Walimu wa historia wa Iramba wana hazina karibu nao. Wawatume wanafunzi kwa bibi zao waliopika pombe, wakaulize kodi ililipwaje, ada ilitoka wapi, na mwaka wa njaa nani aliamua mtama uende wapi. Majibu yaandikwe sasa, wenye kuyajua wakiwa bado wapo.