Reli Ilivyofika Malaba

Hapo kwanza msafiri aliyekwenda Uganda hakupita nchi ya Wateso. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Kisumu mwezi wa Desemba 1901, ikaitwa Reli ya Uganda. Jina lilistahili, maana Kisumu wakati ule ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka 1902 Waingereza wakauhamisha mpaka. Reli ikabaki na jina la nchi ambayo haikuikanyaga hata hatua moja!

Kisumu abiria alishuka garini akapanda meli. Mwaka 1907 Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, alivuka kwa meli iitwayo Clement Hill mpaka Entebbe. Theodore Roosevelt, aliyetoka katika urais wa Marekani mwaka 1909, naye alivuka ziwa mwaka huo huo. Wakubwa hao walitandikiwa vitanda na kuandikiwa meza.

Lakini si raha ya wageni iliyovuta reli mpya. Ni pamba ya Uganda, iliyochoka kupakuliwa na kupakiwa tena, pamoja na mashamba ya walowezi wa Uasin Gishu. Reli ikatoka Nakuru, ikapanda Timboroa, kimo cha futi zaidi ya 9,000, ikafika Eldoret mwaka 1924, kisha ikavuka Malaba kwenda Tororo. Mwaka 1931 ikaingia Kampala.

Abiria wa daraja la kwanza aliweza kuupita mpaka amelala. Mteso wa Amagoro, aliyebanana na mizigo yake juu ya benchi la mbao katika daraja la tatu, aliijua njia kwa kila mtikiso wake.