Jina Lililoondolewa Katika Sala

Katika mwaka wa 1963 jamaa nane za Kiyahudi, wakazi wa vitongoji vya mji wa Detroit katika Marekani, zilimwita rabi kijana awe kiongozi wao. Jina lake lilikuwa Sherwin Wine. Alizaliwa Detroit mwaka 1928, akapata daraja ya urabi mwaka 1956, kisha akawahudumia askari wa nchi yake huko Korea. Jumuiya yao iliitwa Birmingham Temple. Haukupita muda mrefu wakakata shauri lililowashtua Wayahudi wenzao: jina la Mungu liliondolewa katika ibada yao yote.

Kutoamini hakukuwa jambo geni kwa Wayahudi. Spinoza alitengwa na jumuiya ya Amsterdam mwaka 1656 kwa sababu ya fikira zake, na baadaye walikuwako wafanyakazi wengi wa Ulaya ya Mashariki ambao hawakukanyaga sinagogi, walakini waliishi na kuzikwa kama Wayahudi. Hao walisimama nje ya mlango. Wine alitaka kubaki ndani: awe na Sabato, harusi na maziko, ila bila ya maombi. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka.

Mordecai Kaplan wa New York alikuwa amekwisha kujaribu njia iliyo laini zaidi. Katika kitabu chake Judaism as a Civilization, cha mwaka 1934, alifundisha kuwa Uyahudi ni ustaarabu mzima wa watu, si dini peke yake. Mungu kwake hakuwa mfalme aketiye mbinguni, bali nguvu imwezeshayo mtu kufikia ukamilifu. Neno alilibakiza, maana akaigeuza. Hata hivyo hakusalimika: mwaka 1945 marabi washikao sheria kwa ukali walimtenga, na kitabu chake cha sala kikachomwa moto.

Wine aliona kuwa neno ambalo kila msemaji hulipa maana yake mwenyewe huwapoteza wasikiaji. Mtu na aseme aaminilo. Labda alikuwa mkali mno, kwani mtu mwenye msiba aghalabu huimba maneno ya babu zake bila ya kuyapima, na hapana awezaye kumwita mwongo. Lakini hoja yake juu ya mateso si nyepesi. Baada ya Wayahudi milioni sita kuuawa na Wanazi, alishikilia kwamba historia ya watu wake haishuhudii mlinzi wa haki; inashuhudia binadamu waliolazimika kujitegemea, na wema wao sharti usimame juu ya heshima ya mtu.

Katika jengo lao la Farmington Hills, gombo la Torati liliwekwa maktabani, kitabu miongoni mwa vitabu. Ukumbini, mahali ambapo masinagogi mengine huweka sanduku takatifu, palisimamishwa neno Adam kwa herufi za Kiebrania, yaani mtu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, maana lugha yake humwita kila mtu mwana wa Adamu.

Lakini ikiwa imani si kipimo, Myahudi ni nani? Sheria ya kale hutazama mama au kuongoka, na sheria ya Israel ya mwaka 1970 ilifuata shina hilo. Mwaka 1988, huko Brussels, shirikisho la akina Wine lilitangaza kuwa Myahudi ni mtu wa nasaba ya Kiyahudi, au yeyote ajitangazaye hivyo na kujifungamanisha na historia, maadili, utamaduni na majaliwa ya Wayahudi. Jambo hilo lilionekana hasa katika ndoa. Wine alimwozesha Myahudi kwa asiye Myahudi wakati ambapo marabi wengi walikataa, wala hakumtaka mke akiri imani ambayo mume mwenyewe hakuwa nayo.

Wine alikufa mwaka 2007 katika ajali ya gari huko Morocco. Mwaka 1994 jumuiya nyingine yenye fikira za namna hiyo, ya mji wa Cincinnati, ilikuwa imeomba kuingia katika muungano wa Wayahudi wa Matengenezo, watu wajulikanao kwa uhuru wa mawazo. Ilikataliwa kwa kuwa sala zake hazimtaji Mungu. Jina lake ni Beth Adam.