Nani alimharibu Hasheem? Tuwapime makocha kwa haki

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za gazeti zimenibana. Msimu wa pamba ukifika huku Simiyu mwandishi halali: leo Maswa, kesho Meatu, keshokutwa Itilima, na habari ni bei na mizani tu. Leo naomba tuweke pamba pembeni tuongee kikapu.

Kisa chenyewe kimeanzia hapa hapa Bariadi. Jumamosi moja nilipita kwenye kiwanja cha shule moja ya sekondari, nikakuta shule mbili zinacheza mechi ya kirafiki. Saruji ina nyufa, ringi moja haina nyavu, lakini watu wamejaa. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, mrefu kuliko wote pale uwanjani, alikuwa ametawala robo ya kwanza. Kila mpira wa juu ni wake. Robo ya pili ilipoanza, mwalimu akamtoa. Watu wakaja juu! Mzee mmoja aliyeegemea baiskeli yake akapaza sauti: "Mwalimu gani huyu? Unamtoaje Hasheem wetu?"

Kusema ukweli nilimuunga mkono yule mzee. Tena nilishaandika kwenye daftari langu: kocha hajui kutumia mchezaji. Timu ile ikafungwa, nami nikaona nimepata habari.

Mechi ilipoisha nikamfuata mwalimu. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamuuliza bila kuzunguka: kwa nini ulimtoa?

"Mwandishi," akasema, "yule ana miezi minne tu tangu aguse mpira wa kikapu. Akichoka anasahau miguu, anabaki na urefu peke yake. Nikimwacha mpaka mwisho tunaweza kushinda leo, lakini yeye hatakuwa amejifunza kitu. Nampa dakika chache akiwa bado na pumzi, halafu namkalisha karibu yangu namwonyesha wenzake wanasimamaje."

Sikuwa na swali la pili. Nilirudi nyumbani nikiwaza kosa langu la zamani. Nikiwa chuo kule Mwanza niliwahi kubandika makala ukutani yenye kichwa cha habari cha moto kabisa, nikimtuhumu kocha wa Memphis Grizzlies, Lionel Hollins, kwamba ndiye aliyeua kipaji cha Hasheem Thabeet. Washikaji walinipongeza sana. Leo naomba nifute ile makala, na njia ya kuifuta ni kuisimulia historia yenyewe upya, kocha mmoja baada ya mwingine.

KWANZA TUKUMBUSHANE

Hasheem Thabeet Manka alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Mpira wa kikapu alianza kuucheza akiwa na miaka kama 15 hivi. Akapata njia ya kwenda Marekani, akamalizia sekondari Houston, Texas, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa chaguo la pili kati ya vijana wote walioingia NBA mwaka ule. Mbele yake alikuwa Blake Griffin peke yake. Nyuma yake, chaguo la tatu alikuwa James Harden, na la saba alikuwa Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza NBA! Mimi nilikuwa shule ya msingi, na nakumbuka kila mtoto mrefu darasani alibatizwa Hasheem siku ile ile.

Kilichofuata tunakijua. Alicheza mechi 224 za msimu wa kawaida NBA, kwa wastani wa pointi 2.2 kwa mechi. Mechi yake ya mwisho kule ilikuwa mwaka 2014. Vijiweni hukumu ikatoka mapema: Jim Calhoun wa Connecticut ndiye kocha aliyemtengeneza, Hollins wa Memphis ndiye aliyemharibu. Je, ni kweli?

CALHOUN: KOCHA ALIYEMPA NYUMBA

Calhoun ni kocha mkubwa, hilo halina ubishi. Aliipa Connecticut ubingwa wa vyuo Marekani mwaka 1999, 2004 na 2011. Timu zake zilijulikana kwa mambo mawili: kukimbia na mpira mara tu wanapoupata, na kuwa na mtu mrefu nyuma anayezuia mipira inayokwenda kwenye ringi. Kabla ya Hasheem kazi hiyo aliifanya Emeka Okafor. Walinzi wa mbele walikaba kwa ujasiri kwa sababu walijua hata wakipitwa, nyuma yao kuna mtu.

Katika mfumo huo Hasheem, mwenye futi 7 na inchi 3, alikuwa kama amezaliwa kwa ajili yake. Msimu wake wa mwisho, 2008/09, alipata wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na kuzuia mipira 4.2 kwa mechi. Mechi moja na Providence alizuia mipira 10! Timu ikafika nusu fainali ya taifa, ikatolewa na Michigan State.

Lakini kuna jambo ambalo sisi washabiki hatukulitazama. Kwenye vyuo vya Marekani beki alikuwa na ruhusa ya kusimama chini ya ringi muda wowote anaotaka. NBA hapana. Tangu mwaka 2001 NBA ina sheria kwamba beki asikae ndani ya lile eneo lililopakwa rangi zaidi ya sekunde 3 kama hamkabi mtu kwa karibu. Maana yake mtu mrefu wa NBA lazima atoke, afuate mtu, arudi, atoke tena. Ile nyumba ambayo Calhoun alimjengea Hasheem, kwenye NBA hairuhusiwi kujengwa.

Na dalili zilishaonekana mapema. Februari 2009 Connecticut walikutana na Pittsburgh. DeJuan Blair, mfupi kwa Hasheem kwa zaidi ya nusu futi, alipata pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem aliambulia pointi 5 na ribaundi 4. Katika kugombea mpira Blair alimbeba mgongoni akamwangusha chini, na picha zile zilizunguka Marekani nzima. Blair alikuwa na nguvu za miguu na nyonga, na alijua kusimama chini kuliko mwenzake. Haya ni mambo ya kufundishwa kwa miaka mingi.

Kwa hiyo nikimpima Calhoun leo nasema hivi: alikuwa fundi wa kutumia alichonacho, akaficha pengo la mchezaji wake ndani ya mfumo. Kazi yake ilikuwa kushinda mechi za chuo, na alizishinda. Ila kufichwa kwa pengo kulitufanya tuamini halipo.

HOLLINS: KOCHA TULIYEMTUKANA

Sasa twende kwa "mkosaji". Hollins aliwahi kuwa mchezaji, tena alikuwemo kwenye kikosi cha Portland kilichochukua ubingwa wa NBA mwaka 1977. Alikabidhiwa Memphis Januari 2009, timu ikiwa taabani. Msimu ule walimaliza na ushindi 24 na vipigo 58.

Kiangazi cha 2009 menejimenti ilimletea Hasheem, na ikamletea pia Zach Randolph, jitu la chini ya ringi lililokomaa. Na pale pale kulikuwa na Marc Gasol, Mhispania ambaye kaka yake Pau alishakuwa nyota wa NBA. Fikiria wewe ndiye kocha. Una Gasol na Randolph, na una kijana aliyeanza kucheza akiwa na miaka 15. Dakika unampa nani?

Hollins alimpa Hasheem wastani wa dakika 13 kwa mechi msimu wa kwanza. Si dakika za kuchezea. Februari 2010 akapelekwa kwa muda ligi ndogo, Dakota Wizards, na hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu namna ile akapelekwa huko kabla yake. Tuliona ni matusi kwa taifa. Leo nikimkumbuka mwalimu wa Bariadi najiuliza: kama lengo ni kumfundisha, dakika 30 za ligi ndogo na dakika 8 za benchi la NBA, kipi ni bora?

Mtindo wa Hollins ulikuwa wa polepole, wa kusukumana, mpira unaingia ndani kwa Randolph au Gasol, na ulinzi wa kumchosha mpinzani. Matokeo? Ushindi 40 msimu wa 2009/10, 46 msimu uliofuata, na mwaka 2011 wakiwa namba 8 wakawatoa San Antonio Spurs waliokuwa namba moja. Mwaka 2013 walishinda mechi 56 na kufika fainali ya kanda ya Magharibi. Halafu klabu ikakataa kumwongezea mkataba! Kocha aliyefanya vizuri kuliko wote waliomtangulia pale akaondoka hivyo hivyo.

Lakini na yeye asiachwe bila doa. Mfumo wake ulihitaji watu waliokomaa, na haukuwa na nafasi ya mtu anayejifunza akiwa kazini. Msimu wa pili dakika za Hasheem zilishuka hadi 8, na Februari 2011 akauzwa Houston, ambako alicheza kidogo sana. Kumlaumu Hollins kwa kutokuwa mwalimu ni haki. Ila kumlaumu kwa kuharibu kitu ambacho hakikuwa kimejengwa si haki.

Ushahidi wangu wa mwisho ni Oklahoma City. Msimu wa 2012/13, chini ya Scott Brooks, Hasheem alicheza mechi 66, kwa dakika kama 12 hivi kila moja. Timu ilishinda mechi 60. Brooks alimtumia kwa vipande, aingie, azuie, apumzishe wenzake, atoke. Hakuna aliyemwita nyota tena, lakini alikuwa na kazi inayoeleweka. Kocha mwingine, mfumo mwingine, na dakika ni karibu zile zile za Hollins. Hapo ndipo makala yangu ya chuo ilipokufa rasmi.

SISI NA MAKOCHA WETU

Tusicheke Wamarekani, kwetu ni yale yale. Miguel Gamondi aliipa Yanga ubingwa wa ligi na Kombe la Shirikisho msimu wa 2023/24. Novemba 2024 akafungwa mechi mbili mfululizo, na Azam halafu na Tabora United, akaoneshwa mlango. Mwaka mmoja baadaye akapewa Taifa Stars kwa muda, akaifikisha hatua ya 16 bora ya AFCON 2025 kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Na alifika huko bila kushinda hata mechi moja ya kundi, kwa sare mbili! Sasa mpime kwa matokeo peke yake uone kama hesabu inakubali.

Huku Usukumani tuna utamaduni wa kupima unaofanana na huo. Wagalu na Wagika wakishindana ngoma, hakuna majaji wenye karatasi. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi, na manju atafanya lolote kuvuta umati, maana umati ndio pointi zake. Kwa ngoma inafaa sana, ndiyo maana tunaipenda. Tatizo letu ni kwamba tunampima kocha kama manju. Akijaza uwanja na kushinda leo, fundi. Akimkalisha benchi kipenzi cha watu, hajui mpira.

Mimi kwa sasa kabla ya kuandika jina la kocha najiuliza mambo matatu. Aliajiriwa afanye nini, ashinde leo au ajenge? Alikuwa na wachezaji gani, na nani aliwachagua? Na sheria za ligi yake zilimruhusu nini? Nikishayajibu ndipo naangalia ubao wa matokeo.

Ukiyatumia kwa Hasheem, jibu la nani alimharibu linatuumiza sisi wenyewe. Curry ni mtoto wa Dell Curry, mchezaji wa NBA. Gasol alikulia nyumba ya kikapu. Hasheem, tangu aguse mpira mpaka jina lake kusomwa New York, ilikuwa kama miaka 7 tu. Kufika pale kwa muda huo ni maajabu, na sifa ni zake. Pengo lake halikuanzia Memphis. Lilianzia miaka ile ya utotoni ambayo hakuwa na kocha, kama watoto wengi warefu wa nchi hii wasivyokuwa naye mpaka leo.

Ndiyo maana nimeandika habari hii. Pale Bariadi yupo mwalimu mmoja, mipira miwili, ringi moja bila nyavu, na kijana wa kidato cha tatu mwenye miezi minne. Watu wanataka acheze dakika zote. Mwalimu anataka ajue kusimama kwanza. Ile sentensi ya kwenye daftari langu nimeikata, na badala yake nimepeleka gazetini habari fupi kwamba shule ile inahitaji mipira. Bado haijatoka. Jumamosi ijayo nitakuwepo tena uwanjani, na safari hii nitakaa karibu na benchi, nimsikilize mwalimu anamwambia nini yule kijana.

Karibuni kwa mawazo, hasa mliomtukana Hollins pamoja nami.