Tambi, tria na swali la asili



Kila Idi el-Fitri inapokaribia hapa Durban, watu hununua tambi nyembamba kwa wingi. Waislamu wenye asili ya Kihindi huzipika kwa maziwa, sukari, tende na lozi. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki twanunua tambi zile zile, twazikaanga kwa mafuta mpaka zigeuke rangi, kisha tunatia maji, sukari, iliki na zabibu kavu. Hapo ndipo ubishi unapoanza: eti tambi ni za nani? Wengine wanasema za Wahindi. Wengine, tena kwa kujiamini, wanasema ni spageti tu ya Waitaliano na sisi tumeiga.

Haya, tuanze na hao Waitaliano. Ile hadithi kwamba Marco Polo ndiye aliyezileta Italia kutoka China haisimami. Marco Polo alirudi Venice mwaka 1295. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu aliyemtumikia mfalme Roger wa Pili wa Sicily, alikwisha maliza kitabu chake mwaka 1154. Humo anaeleza habari za Trabia, karibu na Palermo, ambako watu walitengeneza itriya, yaani tambi kavu, wakazisafirisha kwa meli hadi Calabria na nchi nyingine za Waislamu na za Wakristo. Kitabu hicho hicho kinataja Malindi na Mombasa. Na neno itriya lenyewe Waarabu walilipata kwa Kiaramu, ambacho nacho kililipata kwa Kigiriki. Sasa mwenye mali ni nani hapo?

Neno hilo bado li hai kusini mwa Italia. Kule Salento, kwenye kisigino cha nchi, kuna tria: vipande bapa vya unga wa ngano na maji, bila mayai. Hupikwa na dengu, na mlo huitwa ciceri e tria. Sehemu ya tria huchemshwa, sehemu hukaangwa mpaka ikauke na kuwa kahawia, halafu zote huchanganywa. Ni chakula cha tarehe 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, ambapo familia huandaa meza kubwa na kuwakaribisha wageni, zamani hasa maskini, waketi mahali pa watakatifu.

Sisemi kwamba tambi zetu zilitoka Salento. Kukaanga unga si siri ya mtu mmoja. Ninachosema ni kwamba kila aliyepokea chakula hiki alikipa jina na siku yake. Waitaliano waliona minyoo midogo, wakaita vermicelli. Kwetu neno ni lile lile la tambi za taa. Wao wana Mtakatifu Yosefu, sisi tuna Idi. Huko si kuiga, jamani.

Kwa nini nashupalia jambo dogo hivi? Kwa sababu katika mji huu swali la asili halikuwa mchezo. Kati ya 1873 na 1880, watu waliookolewa na meli za Uingereza kutoka katika majahazi ya watumwa waliletwa Natal. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini wakaitwa Wazanzibari. Serikali ya ubaguzi wa rangi ikahangaika wawekwe fungu gani. Mwishowe ikawaandika Waasia Wengine, na miaka ya 1960 wakahamishwa kutoka King's Rest, kule Bluff, kwenda Chatsworth, eneo lililotengewa Wahindi. Lebo ya asili ndiyo iliyoamua mtu alale wapi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mezani tambi hizi ni za nani, namwambia ni za aliyezipika na wale aliowakaribisha. Historia ya zilikopita tuizungumze, tena kwa ushahidi na miaka yake. Lakini tusiitumie kumwambia mtu kwamba sahani iliyo mbele yake si yake.