Watu, Ndovu na Mbung'o katika Mapori ya Unyamwezi

Mji wa Tabora, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliujua kwa majina ya Kaze na Unyanyembe, umezungukwa na miyombo, yaani misitu ya miti kama mtundu na muba ambayo hupukutisha majani wakati wa kiangazi na ambayo imeenea katika sehemu kubwa ya magharibi ya Tanzania. Ramani ya leo inaonyesha ndani ya misitu hiyo maeneo mapana ya hifadhi yasiyo na kijiji hata kimoja, na ni rahisi kudhani kwamba yamekuwa hivyo tangu asili, ilhali historia ya njia ya misafara inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya upweke huo ni zao la matukio ya miaka mia moja na hamsini hivi iliyopita.

Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikavuka Mgunda Mkali, pori lililoogopwa kwa uhaba wa maji, kisha ikaingia Unyamwezi, ulipo mji wa Tabora, na hatimaye kuelekea Ujiji. Wasafiri Burton na Speke, waliofika Kaze mwaka 1857, walipita katika nchi ambamo mashamba na pori vilipokezana: kila mtemi, yaani mtawala wa jadi, alikuwa na eneo lililofyekwa na kulimwa, na kati ya utemi mmoja na mwingine palikuwa na msitu ambamo watu waliwinda, walikata miti ya kujengea na kurina asali. Pori hilo lilikuwa na wenyewe na lilikuwa na sheria zake, kwani mwindaji aliyeangusha ndovu alipaswa kumpelekea mtemi pembe moja. Biashara ya pembe ndiyo iliyovunja mizani hiyo, kwa kuwa mahitaji ya Zanzibar na ya nchi za ng'ambo yaliwamaliza ndovu wa karibu, hata kufikia miaka ya 1870 wafanyabiashara wa Tabora walikuwa wakifuata pembe ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Manyema.

Pigo kubwa zaidi lilikuja baadaye. Katika miaka ya 1890 sotoka, maradhi yaliyoua ng'ombe pamoja na wanyamapori wenye kwato, yalienea Afrika Mashariki wakati uleule Wajerumani walipokuwa wakiiteka nchi, na mwezi Januari 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua ndani ya ngome yake badala ya kutekwa. Palipokosekana mifugo na mikono ya kufyeka, vichaka vilirudi, na pamoja navyo mbung'o, nzi anayeeneza malale, ugonjwa wa kusinzia unaoua usipotibiwa. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilipambana na malale kwa kuwahamisha watu waliotawanyika porini kusini na magharibi ya Tabora na kuwakusanya katika makazi makubwa, ili wingi wao uwazuie mbung'o kwa kilimo na ufyekaji. Mtafiti Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, aliyaeleza mambo ya namna hii kuwa ni kuporomoka kwa uwezo wa wenyeji wa kuyatawala mazingira yao, na hoja hiyo, ingawa imepingwa kwa baadhi ya vipengele, inaafikiana vizuri na hali ya Unyamwezi.

Katika nchi zilizobaki bila watu ndipo lilipoanzishwa mwaka 1965 Pori la Akiba la Ugalla, lenye palahala, korongo, na nzohe wa kwenye mabwawa. Warina asali hawakuacha kuingia. Kila kiangazi walikwenda kwa vibali na kupiga kambi, wakitundika mizinga ya magome kwenye miti mirefu, nao wavuvi walifuata mto Ugalla. Wahifadhi wana haki ya kulalamika kwamba mti uliochunwa gome hufa na kwamba moto wa kambi huweza kuunguza msitu. Hata hivyo mrina asali ana sababu kubwa ya kuutunza msitu unaochanua, kwa kuwa nyuki hutegemea maua yake.

Mwaka 2019 Ugalla ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa, daraja ambalo kisheria haliruhusu kazi kama hizo ndani ya mipaka yake. Pori jingine la akiba, Kigosi, lililopandishwa mwaka huohuo, liliondolewa hadhi hiyo kwa ridhaa ya Bunge mwaka 2023, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ilikuwa haja ya wananchi kuendelea kufuga nyuki. Uamuzi wa Kigosi ulikuwa wa haki. Kwa upande wa Ugalla, wanaopanga matumizi yake wanapaswa kuwahesabu warina asali wa wilaya za Sikonge na Urambo kuwa warithi wa watu waliohamishwa kwa amri ya serikali, na kuwapa nafasi ya kisheria katika usimamizi wake.