Baruti Iliyolowa

Babu yangu alikuwa na gobore, na sikumwona hata siku moja akilijaza kipimo kamili. Kwa nyani walioshuka Mlima Matogoro kuvamia mahindi yake, alitia baruti nusu kifuniko, bila goroli, akashindilia kitambaa. Alitaka mlio tu. "Mtutu huu mzee, mjukuu wangu. Ukiushibisha utakutapikia usoni."

Nusu kifuniko ile ilinirudia nilipokuwa nasomea tasnifu yangu ya uzamili, kuhusu Vita vya Maji Maji. Mtoto wa Songea hangoji kufundishwa vita hivyo. Tunaijua Mahenge. Tunaijua 27 Februari 1906, siku Wajerumani walipowanyonga wazee wetu, na tunajua kwamba Nduna Songea Mbano aliwafuata siku chache baadaye. Tunakijua pia kicheko cha darasani mwalimu anapofika kwenye dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ya kugeuza risasi kuwa maji. Nami nilicheka, mjukuu wa watu waliokufa wakiiamini.

Kisha nikakutana na meli ya Rubens.

Aprili 1915 Waingereza walikuwa wameizingira pwani yetu. Rubens, iliyojificha kwa jina la Kidenmark, Kronborg, ikapenya hadi Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki, na risasi kwa mamilioni. Manowari Hyacinth ikaipiga makombora, ikawaka moto. Shehena haikuweza kuachwa. Askari wengi wa Mjerumani bado walibeba bunduki za mtindo wa 1871, za baruti nyeusi. Ukifyatua mara moja, wingu la moshi linamwonyesha adui ulipolala. Wapiga mbizi wakazitoa risasi, lakini bahari ilikuwa imeshaziingia.

Ikabidi zifunguliwe kwa mikono. Kichwa kinang'olewa, baruti inamwagwa na kukaushwa, fataki mbovu inabadilishwa, kisha vyote vinarudishwa kwenye ganda. Ni kazi ya kuchosha, na baruti iliyowahi kulowa haiaminiki tena. Risasi isiyolia ina nafuu. Ile dhaifu inaweza kukwama katikati ya mtutu, na inayoifuata ikaupasua. Babu asingehitaji kuelezwa hilo.

Nilisoma habari hiyo mara tatu. Maji yalikuwa yameziingia risasi za Mjerumani, miaka kumi baada ya ahadi ya Ngarambe. Sisemi dawa ilichelewa njiani. Ila von Lettow-Vorbeck, kamanda wao, aliisimulia kazi ya kuzikausha katika kumbukumbu zake, na anayeisoma huona uhodari. Mtu aliyekwenda vitani na bunduki asiyoweza kuiamini huitwa hodari huku, na kule mjinga. Sura yangu ya pili niliiandika upya kwa sababu hiyo.

Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi hilohilo, likiwa limeishiwa, lilivuka Ruvuma na kuwapiga Wareno pale Ngomano, mto Lugenda unapoingia. Likateka bunduki na risasi zao, likaziacha nyingi za zamani. Maji waliyovuka huanzia huku kwetu Matogoro, juu ya shamba la babu.

Gobore alilisalimisha polisi kabla hajafariki. Siku hizi tunawafukuza nyani kwa kupiga madebe, na wameshatuzoea.